Marahaba Kabla ya Shikamoo

Bi Mwanaiba wa Barabara ya Kumi na Nne
huitikia kabla hujamwamkia.
Geti likilia tu kwii, yeye huko ndani,
mgongo mlangoni, kisu kwenye kitunguu:
"Marahaba, mwanangu!"
Na shikamoo yako bado iko kooni,
imegeuka mwiba wa dagaa,
hujui uimeze au uiteme.

Nilimkumbuka jana, zahanati ya Mabawa,
nimeinamia kompyuta ya Muuguzi Hiyari.
Ukurasa niliuunda mwenyewe,
na ndani yake kisanduku kimoja chembamba
cha kuonyesha majibu ya maabara.
Kikifunguliwa mara ya kwanza, kinajaa:
malaria, sukari, wingi wa damu.
Mara ya pili, mgonjwa yuleyule,
kitupu. Kinakutazama
kama sahani ya mgeni aliyeghairi.

"Mashine yako ina usahaulifu," akasema Hiyari.
Nikajibu: "Mtandao."
Sisi mafundi tukikwama huusingizia mtandao
kama wengine wanavyomsingizia shetani.

Nikafungua dirisha la uchunguzi: hitilafu ikatoweka.
Nikalifunga: ikarudi.
Jino linalopoa ukimfikia daktari.
Saa tatu nzima, fungua, funga,
na Mzee Semkiwa pale kwenye benchi,
namba kumi na saba, karatasi imelowa kiganjani:
"Limefika?"
"Linakuja, mzee."
Linakuja! Kumbe lilishakuja.

Maana ni hivi.
Kisanduku kikizaliwa hutuma swali kwa seva,
na seva iko mbali, sijawahi kuiona.
Swali huacha ahadi mlangoni, likaenda zake,
na kisanduku hakikai kulisubiri:
kinavaa rangi, kinajipima upana,
halafu, mwisho kabisa, kinatega sikio.
Nilikipanga hivyo mimi. Sikio mwisho.
Niliamini safari ni ndefu.

Na mara ya kwanza ni ndefu kweli.
Mara ya pili jibu halitoki kwa seva,
liko hapahapa, kabatini, kwenye akiba,
limekunjwa tangu juzi.
Swali halijafumba mdomo, jibu limeshatamkwa
katika chumba kisicho na sikio.
Waja leo, waondoka leo,
wala halikuacha kikaratasi.

Na lile dirisha? Likiwa wazi, akiba hulala.
Niliilaza kwa mkono wangu, mwezi wa tatu,
nikasahau.

Nikahamisha mstari mmoja.
Sikio kwanza, swali baadaye.
Kisanduku kikajaa kwa kufumba na kufumbua,
nikageuka nisifiwe.

Hiyari hakunisifu.
Alisogeza miwani, akasoma, akasoma tena.
"Hii damu ni ya juzi.
Jana tumemwongeza chupa mbili."

Akiba haiozi, tuliambiwa.
Hii inaoza, na haitoi harufu.
Nikaiandikia umri wa kuishi: dakika tano,
kisha irudi kwa seva kuuliza upya,
hata kama safari ni ndefu,
hata kama Mzee Semkiwa atauliza mara ya nane.

Jioni nikapitia Barabara ya Kumi na Nne.
Geti: kwii.
"Marahaba, mwanangu! Mama hajambo?
Alhamdulillahi, alhamdulillahi,"
akajijibu mwenyewe, kitunguu kikiendelea.

Mama yuko Bombo tangu Alhamisi, kitanda cha dirishani.
Nilikuwa na jibu, bichi, la saa kumi leo,
nimelishika kama mfuko wa maji ya barafu.
Nikavua viatu. Nikasogea mpaka anione.

"Bi Mwanaiba," nikamwambia,
"weka kisu.
Niulize tena."