Namba Sitini na Moja

Nyumba ya Hvammskot imeezekwa nyasi zilizo hai.
Mwezi wa saba paa huchanua maua ya manjano
na kondoo asiyejua sheria hupanda kulitafuna.
Mlangoni pana kibao: Mali ya Taifa. Inama.

Hallfríður hakungoja kuambiwa ainame.
Mgongo wake ulizikumbuka boriti zote
kabla macho hayajazoea giza.
Miaka themanini na saba, tiketi mkononi, nusu bei.
"Nusu bei," alicheka, "kuingia chumba nilichozaliwa!"

Kuta hizi si zile alizozijua.
Kila baada ya miaka thelathini udongo huoza
na Taifa hukata mwingine bondeni, likazijenga upya;
hizi ni wajukuu wa zile kuta.
Harufu, hata hivyo, imerithiwa.

Kila kitu kimepewa namba.
Gurudumu la kusokotea sufu, kumi na nne.
Bakuli la mbao na kifuniko chake, thelathini.
Pingili ya uti wa nyangumi, kiti cha mama
wakati wa kukamua, hamsini na mbili,
imezungushiwa kamba nyekundu
kana kwamba kuna mtu atakayetaka kuikalia.

Yuko anayetaka.

"Hapa walilala watu kumi na mmoja,"
alisema Ísleifur, kijana wa serikali, kwa sauti ya kukariri,
"wawili wawili, kichwa kwa miguu."
"Kumi na wawili."
"Kitabu kinasema kumi na mmoja, bibi."
"Najua. Huyo mmoja hakukaa.
Alikuja na theluji, akaondoka nayo."

Akakisogelea kitanda cha mwisho,
cha mbao zilizoletwa na bahari, namba sitini na moja,
akapitisha vidole chini ya ubao, upande usio na mwanga,
pale baba alipochonga jina
ambalo kasisi hakuwahi kuliandika.

USIGUSE, kibao kinasema, kwa lugha tano.
Ísleifur alizisoma zote tano, polepole,
kisha akageukia dirisha kuitazama mvua.
Mvua haikuwa ikinyesha.

Jioni alilifungua daftari la mali.
Wino hauruhusiwi humu ndani,
basi akachonga penseli,
na baada ya "kumi na mmoja" akaongeza:
na mmoja.

Nje, kondoo alikuwa bado juu ya paa
anakula Mali ya Taifa.