Ada ya Haugerud

Jana walibandika kibao kipya juu ya dirisha langu,
skrubu nne, moja imekaa upande.
Zamani kilisomeka ADA YA KUINGIA HIFADHI.
Sasa ni ADA YA MARIT HAUGERUD: gari dola saba,
trela kumi na mbili, baiskeli bure.

Bunge la jimbo lilipiga kura mwezi Machi,
theluji ingali magotini,
themanini na moja kwa tisa,
na waliomwita Mama Kodi enzi za uhai wake
walipokezana kipaza sauti wakimlilia.

Mimi namkumbuka hivi:
gari la kijani, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba,
mbwa kiziwi kiti cha mbele.
Wabunge wana kadi ya kupita bure. Yake sijapata kuiona.
Alihesabu sarafu kiganjani, akasema,
"Niipitishe mwenyewe, niikwepe mwenyewe?"
Halafu akaulizia choo cha kambi ya kaskazini,
kama kimeshazibuliwa.

Mwaka ule walitaka kufunga hifadhi kumi na nne.
Minyororo ya mageti ilikwisha nunuliwa.
Ni yeye aliyesema: basi tulipe. Kidogo. Wote.
Wakamzomea kwenye ukumbi wa zimamoto kule Ostby,
mtu akamrushia kikombe cha kahawa iliyopoa.
Alijifuta kwa mkono wa sweta,
akaendelea na ukurasa wa tatu.

Marehemu wengine hupewa daraja, au barabara kuu,
kitu cha kupita juu yake bila kufikiri.
Yeye kapewa mfuko wa mtu,
na mfuko ukiguswa, hata aliyesinzia hugutuka.

Jina lake latoka kinywani mwangu
mara mia mbili kwa siku, bei ikilifuata nyuma.
Haugerud, saba. Haugerud, kumi na mbili.
Wapo wanaolitamka kama ugonjwa.
Kijana mmoja aliuliza, huyu Haugerud ni kampuni?
Nikajibu ndiyo, foleni ilikuwa imefika kwenye misonobari.
Hadi leo linaniwasha jibu lile.

Jumamosi akaja mumewe, Lowell.
Gari lile lile, kamba mpya. Mbwa hayupo.
Nikampungia apite.
Hakupita. Alikisoma kibao polepole, midomo ikicheza,
kama anayekagua bili ya nyumba ya jirani.
"Wamepatia herufi," akasema.
"Kwenye kadi za mazishi walikosea."
Akatoa noti ya kumi.
Nikaisukuma irudi, akaisukuma tena,
basi nikamrudishia tatu.

Akaomba risiti.

Mashine ikakoroma, ikatema utepe mwembamba:
HAUGERUD M. IMELIPWA.
Akaukunja mara mbili, akautia mfuko wa shati,
akaubonyeza kwa vidole viwili
kama anayehakikisha kitu hakitapeperuka.
Nyuma yake trela ikapiga honi.
Nikainua kizuizi.