Nusu Kijiko

Huko Níjar, chini ya paa la nailoni,
kisima cha Eulalia kimeonja bahari.
Kotimiri, mwepesi wa kususa, alikauka siku ya nne.
Rehani hakuulizwa:
tangu jani la pili alitiliwa chumvi nusu kijiko,
kesho yake punje tatu zaidi,
mizizi ikining'inia majini,
haina hata udongo wa kushikilia,
ikizoea.

"Kalisi kidogo," anamwambia, "upate mfupa."

Majani yametoka madogo, mazito,
kingo zimeungua.
Ginés, mumewe, alitafuna moja, akanyamaza,
kisha akaomba mkate.

Lakini kotimiri bado anamdai.
Leo ameloweka mbegu nyingine bakulini,
chumvi ya ncha ya ulimi tu,
na bakuli amelificha
Ginés asimcheke.