Kwenye Mizani, Kibaigwa

Chidumizi kanitandikia vitatu juu ya gunia la alizeti,
akasema, "Chagua, dada Sechelela, bei moja,
elfu mbili mia tano, na leo sikukopeshi."
Nina elfu tatu. Mia tano ni ya maandazi.
Basi ni kimoja.

Tangu saa kumi na mbili napima mahindi,
macho yangu yamezoea kumkamata mwongo:
gunia lililonyweshwa maji lizidi uzito,
gunia lenye changarawe tumboni,
na lumbesa, lile lililoshonewa kilemba
kwa kuwa mkulima hana wa kumsemea.
Msinione nimeinama hapa mkadhani napoteza muda.
Hii ndiyo kazi yangu.

Cha kwanza: Pete Ndani ya Debe la Unga.
Nimefungua katikati. Wanabusiana.
Nimefungua mbele kidogo. Wanabusiana.
Maiti iko bafuni tangu sura ya pili,
hakuna anayeikumbuka, maskini, itaoza.
Lumbesa hiyo.
Mapenzi yamejazwa mpaka mshono unalia.

Cha pili: Daktari Hakulala.
Hiki kina risasi, kina gari jeusi, kina mpelelezi
asiyekula, asiyekohoa, asiyedaiwa na mtu.
Mwanamke wake ameokolewa mara tatu
kabla sijafika ukurasa wa hamsini.
Mimi niliolewa na mtu wa namna hiyo,
mwenye kimya kizuri.
Miaka sita nilisubiri siri itoke.
Haikuwepo siri.
Kilikuwa kimya tu.

Ninachokitaka ni kigumu kumweleza muuzaji
huku anahesabu sarafu:
nataka mwanamume nisiyejua kama kaua,
na mwanamke anayempikia mlenda
akijua kisu kiko wapi.
Nimpende saa nne, nimwogope saa tano,
na saa sita, upepo ukigombana na mabati,
niamke nikague komeo,
nijicheke, nirudi kitandani na tochi ya simu.

Cha tatu hakina jalada.
Jina limebaki ndani: Nani Kazima Taa Gulwe.
Panya wameonja pembeni, kinanuka mafuta ya taa.
Ningekirudisha.
Lakini ukurasa wa themanini na nane,
pale mkuu wa stesheni anapomshika mjane mkono gizani,
mtu kapiga mstari kwa penseli, kaandika kando,
herufi zimelala kama mtama uliopigwa na upepo:
Si yeye. Angalia viatu.

Nikarudi nyuma kurasa tano. Viatu gani?
Nikasoma tena, polepole. Viatu gani?
Ukurasa wa mia na mbili, penseli ileile:
Nimekosea. Lakini bado nampenda.

"Hiki alikileta nani?"
Chidumizi kapandisha mabega. "Fundi wa reli, sijui,
au yule mwalimu wa Pandambili.
Huleta vitatu, hubeba vitatu. Huja siku za gulio."
"Mwanamume?"
"Dada, unanunua kitabu au unanunua mtu?"

Honi. Fuso ya Kiteto imeingia,
magunia mia na ishirini, dereva anapiga kelele
kwamba jua linamla yeye, si mimi.
Nimetoa elfu tatu, nimesahau chenji,
maandazi yamekwenda.
Kitabu nimekichomeka chini ya daftari la risiti.

Gunia la kwanza, kilo mia na nne.
La pili, mia na nne na nusu.
La tatu sikumbuki, niliandika tu,
maana nilikuwa nawatazama wapagazi miguuni,
mmoja mmoja wanavyopita:
kandambili, kandambili, raba iliyochanika,
kandambili.