Mwiba Mmoja, Mikono Miwili

Saa kumi na moja alfajiri, bonde la Kazanlak,
umande bado haujaamua kuondoka.
Kaloyan, miaka tisa, amechuma waridi kumi na tatu
na mwiba mmoja.

Hakulia. Alikitazama kidole
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
Tone la damu, dogo kuliko punje ya ufuta.
Kisha nyanya yake, Stamena, akammiminia rakia
kutoka kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.
Hapo ndipo alipolia.

Tuliambiwa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.
Mwili haujaisikia methali hiyo.
Chini ya ngozi, seli zilizopasuka zimekwisha kupiga yowe,
na walinzi waliokaa kando ya mishipa miaka yote bila kazi
wamefungua mikoba yao ya histamini
wakaimwaga yote, bila kuhesabu.
Mishipa ikalegea, ikapanuka, ikavuja.
Damu ikajaa: ndio wekundu.
Ikaja na joto la kifuani: ndio moto.
Maji yake yakatoka nje, yakakosa pa kwenda: ndio uvimbe.
Na neva, iliyobanwa, iliyopakwa kemikali kama pilipili,
ikasema kwa sauti ya mtoto:
"Nyanya, kinagonga kama saa."

Wakati huohuo chembe nyeupe zinabiringika
ukutani mwa mshipa, polepole,
mlevi anayepapasa nyumba yake gizani,
mpaka zinanasa, zinajibana, zinapenya
mahali pasipo mlango.
Zinawameza bakteria wa udongo ule mwekundu
na nyingi zinakufa na shibe yao.
Siku ya pili, usaha:
kaburi la halaiki, la manjano,
lenye upana wa ukucha.

Siku ya nne kidole kimenywea.
Hakuna aliyepiga tarumbeta.
Amri tu imepita, kutoka seli hadi seli:
basi, fagieni, rudini.

Sasa tazama mkono ulioishika ile chupa.

Stamena huamka saa tisa si kwa bidii
bali kwa sababu vidole vinahitaji saa moja na nusu
ili vikubali kuwa vidole.
Vifundo vimetuna kama vitunguu vya kupanda.
Huvitumbukiza katika beseni la maji ya moto
na kungoja, redio ikisoma bei za alizeti.

Daktari wa Stara Zagora alizitazama picha dhidi ya dirisha.
"Hakuna kijidudu," alisema. "Hakuna jeraha."
"Basi nani ananichoma?"
"Wewe mwenyewe."
Stamena akacheka hadi muuguzi akachungulia mlangoni.
"Nimechomwa na miiba ya bonde zima tangu nina miaka kumi na mmoja.
Yote ilitoka.
Huu nisiojichoma ndio usiotoka?"

Walinzi walewale. Mikoba ileile.
Wameingia ndani ya kiungo, wameuona utando wake laini
wakaudhania adui,
na amri ya kurudi kila ikitumwa
inapotea njiani.
Kikulacho ki nguoni mwako, twasema,
lakini nguo huvuliwa.

Na lugha hii ninayoandikia
ugonjwa huu huuita baridi yabisi.
Baridi!
Mshike kifundo cha shahada, asubuhi yoyote,
kisha nenda kamtafute aliyelitunga jina.

Kwenye mizani, gunia lao: kilo kumi na moja na robo.
Jua limetoka, waridi limeanza kupoteza mafuta yake,
hakuna tena sababu ya kuharakisha.
Upepo wa mlimani unashuka.
Stamena amekishika kifungo cha sweta,
anakisukuma, kinateleza, anakisukuma.
Kaloyan haulizi.
Anamfunga, kuanzia chini,
kwa kile kidole chenye kidoa cha waridi iliyofifia,
anaruka tundu moja,
na sweta lote linakwenda upande
mpaka nyumbani.