Komeo la Banda la Kuku

Fimbo namba saba ya babu yake baba
haimo kabatini pamoja na vikombe.
Ipo uani kwetu, Chumbageni,
imepenyezwa kwenye pete mbili za waya,
inafunga banda la kuku.
Wageni wakishangaa, Shangazi Mwanamvua huwajibu:
"Vikombe vinakaa. Hii inafanya kazi."

Mhando, aliyeianza nasaba hii,
hakuitwa mchezaji. Aliitwa boi wa mfuko.
Miaka kumi na mmoja nyuma ya meneja wa mkonge,
bega likijua uzito wa kila chuma
kabla mikono haijaruhusiwa kukishika.
Upepo aliusoma kwenye milingoti ya mkonge:
ikiinama, ongeza fimbo; ikitulia, punguza.
Meneja akishinda, watu husifu jicho lake.
Jicho lilikuwa la Mhando.

Siku moja bwana alikasirika, akavunja mpini,
akatupa chuma majanini.
Mhando alikifuata usiku,
akakitia mpini wa mkwaju,
mzito, haupindi, mbishi.
Jumatatu, klabu ikifungwa,
wabeba mifuko walicheza peku
kwenye grini zisizo na ukijani wowote,
mchanga uliokandwa kwa oili chafu.
Nyayo zilirudi nyeusi tititi,
na mkewe hakufungua mlango
mpaka zisuguliwe kwa majivu.

Mwanawe Sebarua, karani wa reli,
ndiye aliyeingia kwa mlango wa mbele,
mwaka ambao bendera mpya
ilikuwa bado na mikunjo ya dukani.
Akashinda kwa mapigo mawili.
Ubaoni wakaandika: S. Mando.
Fundi alisema nafasi haikutosha.
Babu hakugomba. Alirudi mwaka uliofuata,
akashinda. Na uliofuata.
Nimeuona ubao huo kwa macho yangu:
Mando, Mando, Mando,
Mhando.

Baba tunamtaja kwa sauti ya chini.
Kilua, mkono mtamu kuliko yote;
Nairobi walimjua, Lusaka walimwogopa.
Mpira wake ulipaa kimya
kama mgeni anayeondoka bila kuaga.
Lakini alicheza kwa dau.
Ikaenda baiskeli, ikaenda redio,
ikaenda cherehani ya mama, na mama akaifuata.
Vikombe havikuuzika. Ndiyo maana tunavyo.

Shangazi alivaa viatu vya kaka yake,
vidoleni amejaza pamba.
Wakamwambia wanawake huanza saa saba,
jua likiwa utosini. Akaanza saa saba.
Kikombe alikileta nyumbani
ndani ya kapu, juu ya dagaa,
akapika kwanza, ndipo akatuonyesha.

Mimi? Mimi nilikosa.
Jumamosi iliyopita, shimo la mwisho,
hatua mbili, hata mtoto angetia.
Mpira ulizunguka mdomo wa shimo,
ukachungulia ndani,
ukaghairi.

Nilirudi na fulana imeganda chumvi.
Shangazi alikuwa akipepeta mchele.
Hakuuliza. Habari mbaya Tanga
haisubiri mtu avue viatu.
"Kuku hawajala," alisema.

Nikachomoa komeo.
Mpini wa mkwaju ulikuwa laini, wa moto kidogo,
na miguu yangu ikajipanga yenyewe
kabla sijaiambia.
Kuku wakatoka, wakanizunguka,
watazamaji wasio na adabu.
Milingoti haipo tena, mashamba yamekuwa nyumba;
nikatazama kanga zilizoanikwa:
upepo wa kushoto, si mwingi.
Palikuwa na kifuu chini.
Nikakipiga.

Kilipanda juu ya ukuta, juu ya mpapai,
kikafikiri kidogo huko juu,
kikatua juu ya bati la Mzee Mntambo.
"Nani huyo?" akafoka.

Shangazi, macho hayajatoka kwenye ungo:
"Mhando," akajibu.
"Kwa H."