Kitabu cha Saba

Barua ilisomwa mstarini, Jumatatu, kabla ya wimbo:
vitabu saba vitoke maktaba, vichomwe,
kwa kuwa vina paka anayesema,
kwa kuwa vina mtoto anayepaa bila injini,
kwa kuwa Shetani huanza na picha.
Mwalimu Bulugu akaikunja karatasi mara nne
kama mtu anayefunga dawa.

Mimi ndiye mwenye funguo za stoo.
Chaki, majembe, ndoo za rangi, mipira iliyopasuka,
na maktaba: rafu mbili nyuma ya magunia ya mahindi.
Nikavihesabu kwenye boksi la sabuni.
Sita.
Nikalowesha kidole, nikahesabu tena.
Sita.
Daftari likasema: Wande Malando, Darasa la Tano,
amekiazima tangu wiki ya mvua ile
iliyong'oa bati la choo.

Msidhani niliwacheka wazazi.
Nimezaliwa Magu mimi.
Naujua usiku mmoja wa mwaka wa njaa,
panga lilivyoutafuta mlango wa Mama Ngolo
kwa sababu ya macho yake mekundu,
macho aliyopewa na moshi wa samadi
miaka arobaini akipikia wajukuu wa watu.
Asubuhi tuliambiwa tusipite njia ile.
Nilipita.
Tangu hapo mtu akitamka "uchawi" karibu yangu
siangalii juu kutafuta ungo.
Naangalia mikono ya aliyetamka.

Sita vikachomwa nyuma ya jiko la shule.
Karatasi nzuri haiwaki upesi, inajikunja,
inaringa kwanza.
Paka wa jalada alinitazama mpaka masikio yakaisha.
Na kule juu ya maji wadudu wa ziwa
walikuwa wamesimama nguzo nyeusi hadi mawinguni,
moshi usio na moto,
na hakuna aliyeukemea.

Nikatumwa Igombe kukifuata cha saba.
Bodaboda elfu tatu, sijarudishiwa hadi leo.
(Daftarini imeandikwa: kimeliwa na mchwa.
Mwandiko ni wangu.)
Njiani nikayapita mawe yetu, yale yaliyobebana,
jiwe la ukubwa wa nyumba juu ya jiwe la ukubwa wa mbuzi;
miaka yote hiyo
hayajaulizwa nani aliyapandisha.

Nikamkuta bandani, sangara wamepangwa wavuni,
moshi umetanda hadi kizingitini.
Wande amekalia debe, kitabu magotini,
kinanuka samaki kuliko samaki wenyewe.
Anasoma mstari, anausema upya kwa Kisukuma.
Mjukuu anageuza ukurasa,
bibi anageuza sangara.

Bibi akainua uso kuniangalia.
Macho yale.
Ulimi ukasahau aliyenituma.
Nikasema, "Endeleeni," nikachuchumaa mlangoni
kama mtu aliyekuja kununua vichwa vya samaki.

Walikuwa wamekaribia mwisho:
mji umejua kuwa yule mama ni mchawi,
umejaa uani kwake, usiku, na mienge.
Bibi akasimama na samaki mkononi.
"Halafu? Wakamfanyaje?"
Wande akalamba kidole, akafunua.
"Wakamwomba awafundishe watoto wao."

Mafuta yakadondoka motoni, yakalia.

"Wote?"
"Wote, bibi. Hata wa mwenyekiti."

Akamrudisha sangara wavuni, taratibu,
akajifuta macho kwa ncha ya kitenge
(moshi, alisema, moshi tu),
akavuta kigoda karibu na debe la mtoto.
"Soma tena hapo.
Hapo walipofika mlangoni."